Heda katika maombi ya vipande vingi kwa OkHttp: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza maswali haya wamekwama mahali pamoja: ombi linapita vizuri kwa curl au Postman (zana za kujaribia maombi), likitoka kwenye Java seva inalikataa. Mifano hapa ni ya OkHttp 4, maktaba ya kutuma maombi ya HTTP, ikiitwa kutoka Java. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2019 maktaba yenyewe imeandikwa kwa Kotlin, lakini kwa anayeandika Java kilichobadilika ni kidogo. Retrofit (iliyojengwa juu ya OkHttp) na Apache HttpClient (maktaba nyingine ya HTTP) nimezigusa pale tu zinapokwenda njia yao.

Heda ya ombi na heda ya kipande zina tofauti gani?

Chukua kiroba kinachopelekwa stendi kipandishwe basi. Juu yake pameandikwa jina na simu ya mpokeaji. Ndani mna vifurushi vitatu, kila kimoja na karatasi yake: hiki dawa, hiki risiti, hiki cha shangazi. Konda anasoma ya juu tu. Za ndani anazisoma yule atakayefungua kiroba kikifika.

Ombi la `multipart/form-data`, yaani la vipande vingi, ni kiroba hicho, na heda ndizo karatasi zake. `Authorization`, `Content-Type` ya jumla na `User-Agent` zimeandikwa juu, na Nginx au lango lolote la njiani linaziona. `Content-Disposition` na `Content-Type` ya kila kipande ziko ndani, na hazisomwi hadi programu ya mwisho ipasue mwili wa ombi. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kufungua kihariri, ni hili: nani ataisoma heda hii? Ukiweka tokeni ndani ya kipande wakati anayeikagua ni lango, utapata 401 (hujatambuliwa) hadi uchoke.

Kiwango kinaruhusu niweke heda zangu mwenyewe kwenye kipande?

Kwa `multipart/form-data`, hapana. RFC 7578 (hati ya kiwango chenyewe) ya Julai 2015, iliyochukua nafasi ya RFC 2388 ya 1998, inatambua heda tatu tu ndani ya kipande: `Content-Disposition` ambayo ni lazima, `Content-Type` ambayo ni hiari, na `Content-Transfer-Encoding` ambayo kwenye HTTP imeshapitwa na wakati. Nyingine zozote hazitakiwi kutumwa, na mpokeaji anaelekezwa kuzipuuza.

OkHttp haitakuzuia. Itaziandika kama ulivyoagiza, na seva uliyoiandika mwenyewe inaweza kuzisoma. Ila kama unabuni API mpya, mimi ningeweka taarifa hizo kwenye sehemu ya kawaida ya fomu au kwenye kipande cha JSON. Heda za kipande ziachie kesi ambapo upande wa pili umeshaamua na huna la kumbishia.

Seva inasema haioni sehemu hata moja, wakati nimetuma tatu.

Hujaita `setType(MultipartBody.FORM)`. Usipoiita, OkHttp hutuma `multipart/mixed`.

Napata "the request was rejected because no multipart boundary was found".

Maneno hayo hutoka Commons FileUpload, maktaba ya Java ya kupokea faili, na seva ya Tomcat nayo huyatoa kwa kuwa imeibeba maktaba hiyo ndani yake. Maana yake `Content-Type` ya nje imefika ikisema `multipart/form-data` bila kutaja alama ya mpaka inayotenganisha vipande. Seva imepewa kiroba isichojua kishonwe wapi na kifumuliwe wapi.

Chanzo karibu kila mara ni mtu aliyeiandika heda hiyo kwa mkono. Alama ya mpaka hutengenezwa upya kila mwili unapojengwa (OkHttp hutumia UUID), kwa hiyo huwezi kuijua mapema, na hupaswi kuiandika.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kosa hilihili lina matokeo tofauti kutegemea umelifanyia wapi. Ukiandika `.header("Content-Type", "multipart/form-data")` kwenye `Request.Builder` ya OkHttp, hakiharibiki kitu, kwa sababu kabla ya ombi kutoka OkHttp huifuta yako na kuweka ile ya mwili, yenye mpaka. Ukiiweka ndani ya `Interceptor` (msimbo unaolikamata ombi njiani) uliyoisajili kwa `addNetworkInterceptor`, umeshapita hatua hiyo, na yako ndiyo inayobaki. Na kwenye Retrofit, `@Headers("Content-Type: multipart/form-data")` inaharibu moja kwa moja: Retrofit huuvika mwili aina uliyoiandika, na mpaka unapotea. Ndiyo maana mwenzako anakuapia kwamba kwake inafanya kazi, na hadanganyi.

Futa mstari huo. Usijaribu kuurekebisha.

Spring, upande wa seva, inanirudishia 415 (aina haikubaliki) kwa kipande changu cha JSON.

Kipande hakina `Content-Type`. `addFormDataPart("maelezo", json)` huchukua maandishi na kuyatuma bila kutaja aina. Upande wa seva `@RequestPart` inahitaji kujua aina ili ichague kigeuzi. Isipoitajiwa inachukulia ni `application/octet-stream` na kukataa. Hapa ndipo "kurekebisha heda ya kipande" kunapohitajika kweli, na hakuhitaji ujanja wowote:

```java
RequestBody maelezo = RequestBody.create(
    json.getBytes(StandardCharsets.UTF_8),
    MediaType.get("application/json"));
RequestBody picha = RequestBody.create(
    new File("risiti.jpg"), MediaType.get("image/jpeg"));

MultipartBody mwili = new MultipartBody.Builder()
    .setType(MultipartBody.FORM)
    .addFormDataPart("maelezo", null, maelezo)
    .addFormDataPart("picha", "risiti.jpg", picha)
    .build();
```

`null` ya katikati ni jina la faili. Ukiiacha hivyo, kipande kinabaki sehemu ya kawaida ya fomu, ila sasa kina aina yake.

Kwa nini umegeuza JSON kuwa baiti? `create` si inapokea `String`?

Inapokea. Lakini ukiipa `String` na aina isiyotaja charset (usimbaji wa herufi), OkHttp inaongeza `; charset=utf-8` yenyewe. Seva nyingi hazijali. Zipo zinazolinganisha `application/json` herufi kwa herufi, na hizo zitakukatalia. Ukipeleka baiti, aina inabaki kama ulivyoiandika.

Sawa, upande wa pili umeshaamua: kila faili lazima liwe na heda ya muhtasari wa SHA-256. Naiongezaje?

Kwa `addPart` inayopokea `Headers`:

```java
Headers heda = Headers.of(
    "Content-Disposition",
    "form-data; name=\"picha\"; filename=\"risiti.jpg\"",
    "X-Muhtasari", "sha256=" + muhtasari);

MultipartBody mwili = new MultipartBody.Builder("mpaka-wa-jaribio")
    .setType(MultipartBody.FORM)
    .addPart(heda, picha)
    .build();
```

Kinachotoka ni hiki (baadhi ya matoleo huongeza pia mstari wa `Content-Length`):

```
--mpaka-wa-jaribio
Content-Disposition: form-data; name="picha"; filename="risiti.jpg"
X-Muhtasari: sha256=...
Content-Type: image/jpeg

...baiti za picha...
--mpaka-wa-jaribio--
```

Ukishika njia hii, `Content-Disposition` ni mzigo wako. `addFormDataPart` ilikuwa ikikuandikia, `addPart` haikuandikii. Ukiisahau, kipande kitatumwa bila jina na seva haitajua ni cha nani. Mpaka nimeuandika mwenyewe ili matokeo yasomeke. Kwenye kazi halisi acha mabano ya `Builder()` wazi.

"Unexpected header: Content-Type".

Aina ya kipande hutoka kwenye `RequestBody`, kwa hiyo `Part.create` haitaki kuiona ndani ya `Headers`. Itoe huko, iweke kwenye `RequestBody.create`. `Content-Length` nayo ina katazo hilohilo.

"Unexpected char 0x2019". Hiyo herufi imetoka wapi?

Hili limenilia siku nzima, nami nilikuwa nimeandika programu za Java kwa miaka. Mtumiaji alipakia faili liitwalo `ng’ombe-machi.pdf` kutoka kwenye simu. Kwenye kompyuta yangu `ng'ombe` ilipita mara kumi kati ya kumi, maana kibodi yangu inaandika kile kikoma cha juu kilichonyooka, ambacho ni ASCII (herufi za msingi za kompyuta). Kibodi ya simu yake ilikipinda, na kilichopinda ni U+2019. `Headers.of` hairuhusu herufi iliyo nje ya ASCII, basi programu ikaanguka kabla ombi halijaondoka. Anayeandika Kiswahili bila shaka hudhani hana habari na herufi za ajabu, maana alfabeti yetu yote ni ya kawaida. Kikoma cha ng'ombe, ng'ambo na ng'ang'ania kinasahaulika.

Tiba ya kwanza ni kutumia `addFormDataPart`, ambayo huruhusu herufi hizo kwenye jina la faili na kuzituma kwa UTF-8. Ikiwa ni lazima ujenge heda mwenyewe:

```java
Headers heda = new Headers.Builder()
    .addUnsafeNonAscii("Content-Disposition", thamani)
    .add("X-Muhtasari", "sha256=" + muhtasari)
    .build();
```

Utashauriwa na wengi utumie `filename*=UTF-8''...`. Kwenye majibu ya seva, mtu anapopakua faili, huo ni ushauri mzuri. Kwenye `multipart/form-data` RFC 7578 inaukataza waziwazi.

Tena, ukijenga thamani hiyo kwa kuunganisha maandishi, kumbuka alama ya nukuu. `addFormDataPart` hugeuza `"` kuwa `%22`, na mistari mipya kuwa `%0D` na `%0A`. `Headers` itakukatalia mstari mpya, lakini nukuu itaipitisha, na jina la faili lenye nukuu katikati linaweza kujifungia lenyewe na kuanzisha kigezo kingine. Jina limetoka kwa mtumiaji, kwa hiyo lisafishe.

Kwenye Retrofit nafanyaje?

Tengeneza `MultipartBody.Part` kwa `Part.create(heda, picha)`, kisha ipokee hivi:

```java
@Multipart
@POST("risiti")
Call<Jibu> tuma(@Part MultipartBody.Part picha,
                @Part("maelezo") RequestBody maelezo);
```

`@Part` ya kwanza haina jina, na isiwe nalo: jina limo tayari ndani ya heda, na ukiliongeza Retrofit itagoma. Ya pili ina jina kwa sababu ni `RequestBody` tupu. Hiyo ya pili Retrofit itaiwekea pia `Content-Transfer-Encoding: binary`, jambo linalowashangaza watu wakisoma logi, halina madhara.

Usiandike `@Part("jina") String jina` ikiwa umesajili Gson (kigeuzi cha JSON) peke yake. Gson itaichukulia kuwa JSON, na seva itapokea `"Asha"` pamoja na nukuu zake. Sajili `ScalarsConverterFactory` kabla ya Gson.

`Interceptor` yangu inaongeza heda, lakini haionekani ndani ya vipande.

Haiwezi kuonekana huko. `request.newBuilder().header(...)` inaandika juu ya kiroba. Ukitaka kugusa vilivyomo, itabidi ukifumue na kukishona upya:

```java
if (ombi.body() instanceof MultipartBody) {
  MultipartBody zamani = (MultipartBody) ombi.body();
  MultipartBody.Builder mpya =
      new MultipartBody.Builder(zamani.boundary())
          .setType(zamani.type());
  for (MultipartBody.Part p : zamani.parts()) {
    Headers.Builder h = p.headers() == null
        ? new Headers.Builder() : p.headers().newBuilder();
    mpya.addPart(h.set("X-Chanzo", "simu").build(), p.body());
  }
  ombi = ombi.newBuilder()
      .method(ombi.method(), mpya.build()).build();
}
```

Isajili kwa `addInterceptor`. Ukiisajili upande wa mtandao, heda ya urefu wa mwili imeshakokotolewa kwa mwili wa zamani, na baiti ulizoongeza hazitakuwa na nafasi.

`Content-Length` ndani ya kila kipande ni ya nini?

Ni tabia ya matoleo ya zamani ya OkHttp, ambayo yaliiandika kila urefu ulipojulikana. Matoleo mapya yameacha, kama vivinjari visivyowahi kuiandika. Ikiwa seva yako inaitegemea kugawa vipande, kasoro iko kwenye seva, kwani kinachogawa ni mpaka.

Urefu wa nje ni habari nyingine. Kipande kimoja tu kikiwa na urefu usiojulikana, tuseme umeandika `RequestBody` yako juu ya `InputStream` na `contentLength()` inarudisha -1, urefu wa ombi zima unakuwa -1 na HTTP/1.1 hutuma mwili kwa mafungu. Baadhi ya seva hujibu 411 (urefu unahitajika). Kama unaujua ukubwa wa faili, urudishe.

Amazon S3 inapuuza `Content-Type` niliyoiweka kwenye kipande cha faili.

Kwenye upakiaji wa fomu wa S3, aina ya faili ni sehemu ya fomu yenye jina `Content-Type`, wala si heda ya kipande. Iandike hivi: `.addFormDataPart("Content-Type", "image/jpeg")`. Pia faili lazima liwe la mwisho, maana kinachofuata baada yake hakisomwi. OkHttp hufuata mpangilio uliouandika, kwa hiyo ni suala la kupanga mistari.

Vipi `multipart/related` na `multipart/mixed`?

Huko heda za vipande zina kazi halali na hutalaumiwa. Google Drive, ukipakia kwa `uploadType=multipart`, hutaka `multipart/related` yenye vipande viwili: cha kwanza metadata kwa JSON, cha pili faili lenyewe. Hakuna `Content-Disposition` wala majina. Mpangilio ndio unaosema. Tumia `setType(MediaType.get("multipart/related"))` na `addPart(mwili)` bila heda.

Kwenye OData (kiwango cha API za data), maombi ya `$batch` huenda kwa `multipart/mixed`, na kipande kwa kawaida ni ombi zima la HTTP lenye aina `application/http`, pamoja na `Content-Transfer-Encoding: binary` na mara nyingine `Content-ID`. Hapo `Headers.of` inafaa hasa, na aina inabaki kwenye `RequestBody` kama kawaida.

Nina hakika heda imetoka, ila seva haiioni.

Angalia seva imeandikwa kwa nini. PHP huvunja vipande yenyewe na kukukabidhi `$_FILES` yenye jina, aina, ukubwa na mahali faili lilipowekwa. Heda zako za ziada zimeshatupwa. Kwenye Servlet ziko, kwa `part.getHeader("X-Muhtasari")`. Kwenye Spring usitumie `@RequestHeader`, kwa kuwa hiyo inasoma za nje.

Kuna mtego mpya pia. Tangu katikati ya 2025, Commons FileUpload 1.6 na matoleo ya Tomcat ya wakati huo yamepunguza jumla ya heda za kipande kimoja hadi baiti 512, baada ya udhaifu wa kiusalama CVE-2025-48976. Kikomo cha awali kilikuwa kilobaiti 10. Aliyekuwa akibandika tokeni ndefu ya JWT ndani ya kipande aliamka siku moja baada ya kusasisha seva akakuta kila kitu kimekataliwa. Kwenye Tomcat kikomo kinapandishwa kwa `maxPartHeaderSize`, ingawa ningeihamisha tokeni.

Nitaonaje hasa kinachotoka?

Usitegemee `HttpLoggingInterceptor` peke yake. Mwili wenye baiti za picha hausomeki vizuri kwenye logi yake. Andika mwili kwenye `Buffer` ya Okio (maktaba inayokuja na OkHttp):

```java
Buffer b = new Buffer();
mwili.writeTo(b);
System.out.println(b.readUtf8());
```

Weka maandishi mafupi mahali pa picha, mpe `Builder` mpaka usiobadilika, na msimbo huohuo unakuwa jaribio la kudumu. Kisha lilinganishe na matokeo ya `curl -F` ikituma kwa `nc -l 8080`. Tofauti utaiona kwa macho.

Mradi wetu una Apache HttpClient 4.5. Heda nilizoongeza zinapotea.

`FormBodyPartBuilder.create("picha", mwili).addField("X-Muhtasari", m).build()` ni sahihi. Tafuta `HttpMultipartMode.BROWSER_COMPATIBLE` mahali fulani kwenye msimbo. Hali hiyo huandika `Content-Disposition`, na `Content-Type` kwa kipande chenye jina la faili, basi. Iondoe urudi kwenye `STRICT`. Mara nyingi kuna mtu aliiweka kwa ajili ya majina ya faili yenye herufi zisizo za ASCII, kwa hiyo ukishaiondoa jaribu tena kwa faili lenye jina kama `ng’ombe`.

Na `java.net.http` iliyokuja na Java 11?

Haina chochote cha vipande vingi. Utajenga mwili kwa mkono, mpaka hadi mpaka, na kila mstari wa heda uishie kwa `\r\n`. Java 16 iliongeza `BodyPublishers.concat`, inayokuwezesha kuunganisha heda, faili na mpaka wa kufungia bila kupakia faili zima kwenye kumbukumbu. Kwa ombi moja dogo inatosha. Yakifika matatu, ongeza OkHttp kwenye mradi.